Kufuli tatu: shajara ya mashine ya kikoba

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mashine imefika Tabata. Ni HP EliteDesk 800 G1, mtumba, nimeichukua Kariakoo kwa shilingi 380,000 baada ya kuvutana bei na muuzaji mpaka akaniongezea keibodi. Ndani ina prosesa ya Core i5-4570, kizazi cha mwaka 2013, kori nne, gigahezi 3.2, na ikipata nafasi inapanda hadi 3.6. RAM ni gigabaiti 8. Nimechomeka SSD ya laptopu yangu iliyopasuka kioo, pamoja na Debian yake yote, aina ya mfumo wa Linux, ambayo nimekuwa nikiipandisha toleo kwa toleo. Sasa ni Debian 12. Imewaka mara ya kwanza.

Kazi yake ni moja. Shangazi ni mweka hazina wa kikoba kule Mbagala. Wako wanachama 30, wanakutana kila Jumapili alasiri. Tangu mwaka jana nawaandikia programu ya hesabu inayokaa kwenye simu ya katibu: hisa, mfuko wa jamii, mikopo na marejesho. Mzunguko wao unavunjwa Jumapili tarehe 23, wiki moja kabla ya mfungo, na safari hii gawio litapigwa kwa daftari na kwa programu, kisha majibu yalinganishwe. Hizo ni fedha za mwaka mzima za watu wanaouza maandazi, samaki na nguo za mtumba. Nataka kila shilingi ikae mahali pake.

Ndiyo maana nimeandika majaribio 4,000. Kila jaribio linaigiza mzunguko mzima: wiki 52, wanachama 30, kila mmoja akinunua hisa, akichangia mfuko wa jamii na kurejesha mkopo. Katikati nimechomeka mambo yanayotokea kweli. Mtu kalipa nusu. Mtu kafiwa, kapewa pole kutoka mfuko wa jamii. Mtu kahamia Morogoro mwezi wa saba na anataka chake. Mwishoni gawio lazima lilingane na kilichomo sandukuni.

Jumatatu, 3 Februari

Majaribio yote, nikiyaendesha manne kwa wakati mmoja, yamechukua dakika 29 na sekunde 20. Nikibadilisha mstari mmoja nasubiri karibu nusu saa kujua kama nimeharibu. Kwa kawaida narudi nyumbani saa moja usiku. Jioni nzima inanipa nafasi ya kujaribu mara nne au tano, basi.

Nimeanza kufuatilia muda unakwenda wapi. Nimeendesha jaribio moja chini ya strace -c, zana inayohesabu maombi ya programu kwa mfumo, na kuhesabu. Jaribio moja linapiga zaidi ya miito 140,000 kwa kerneli, kiini cha Linux kinachosimamia mashine: fungua faili, funga kufuli ya faili, soma, andika, fungua kufuli, futa. Ndivyo SQLite, hifadhidata ninayotumia, inavyofanya ukiacha kila muamala usimame peke yake. Faili zenyewe ziko kwenye RAM, kwa hiyo diski haihusiki. Zidisha kwa majaribio 4,000 unapata miito milioni 560.

Na kwenye prosesa ya umri huu kila mwito una ushuru wake. Nimeangalia folda ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, ambako Linux huandika kila udhaifu wa prosesa na kinga iliyowekwa. Meltdown: kinga ipo, inaitwa PTI. Spectre ya pili: kinga ipo, retpoline. L1TF: ipo. Retbleed ya mwaka 2022 na Downfall ya mwaka 2023 haziigusi. Kwa upande wa Intel zinaanzia vizazi vya baadaye. Ila mstari wa mds, udhaifu mwingine, umenishtua: kerneli inasema inajaribu kusafisha bafa za prosesa, yaani hifadhi zake ndogo za muda, lakini mikrokodi, maagizo ya ndani ya prosesa yenyewe, haipo. Maana yake amri inatolewa kila mara na hakuna kinachosafishwa. Sababu nimeipata haraka. Ile laptopu ilikuwa na prosesa ya AMD, si ya Intel kama hii, kwa hiyo kifurushi cha intel-microcode hakijawahi kuwekwa kwenye diski hii.

Nimekiweka, nimewasha upya, mstari umebadilika, kinga ya mds sasa inafanya kazi. Nimerudia majaribio leo mchana: dakika 31 na sekunde 10. Nimeiponya mashine na imezidi kuwa nzito.

Jumatano, 5 Februari

Binamu yangu, anayehariri video za harusi Sinza, amesoma ujumbe wangu kuhusu kinga zinazoifanya mashine kuwa nzito na kunipigia. "Kaka, sasa kwa nini kompyuta ijizuie yenyewe?" Nimemjibu kwa mfano wa banda la chipsi, na naandika hapa kwa sababu nadhani ndio ulioeleweka.

Muuza chipsi mzoefu hasubiri uagize. Akikuona unavuka barabara, na anajua kila siku unakula chipsi mayai, anatumbukiza viazi kwenye mafuta. Ukifika, chakula kiko karibu kuiva. Ukipita na usiingie, viazi vinawekwa pembeni, hakuna anayekudai. Prosesa za kisasa hufanya hivyo hivyo: zikifika njia panda hazisubiri, zinabashiri njia na kuanza kazi. Zikibashiri sawa, muda umeokolewa. Zikikosea, matokeo yanatupwa kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

Lakini viazi bado vipo pembeni. Sasa aje mtu anayetaka kujua jirani yake anakula nini. Hana ruhusa ya kuuliza. Anaagiza tu chipsi na kutazama saa. Zikija mara moja, anajua vilikuwa vimeshakaangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Zikichelewa, anajua havikukaangwa. Kwenye prosesa hivyo viazi ni data iliyobaki kwenye kache, hifadhi yake ya haraka. Kazi imefutwa lakini alama imebaki, na mwenye saa kali anasoma siri herufi kwa herufi bila kuigusa.

Hilo ndilo lililotangazwa tarehe 3 Januari 2018 kwa majina mawili, Meltdown na Spectre. Jann Horn wa Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka udhaifu, alilifikia, na timu nyingine kadhaa zililifikia kwa njia zao, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria. Graz walikuwa wameshatengeneza kinga iitwayo KAISER mwaka 2017 kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa PTI ndani ya Linux.

PTI inafanya nini? Zamani ramani ya kumbukumbu ya kila programu ilikuwa na ramani ya kerneli ndani yake, imefungwa tu kwa alama ya "usiguse". Meltdown ilionyesha kwamba prosesa za Intel zilikuwa zinabashiri hata kupita alama hiyo. Kwa hiyo PTI imeziachanisha: programu ina ramani yake, kerneli ina yake, na kila mwito unabadilisha ramani kwenda na kurudi. Prosesa yangu ina PCID na INVPCID, nyenzo za kutofautisha ramani moja na nyingine, kwa hiyo haifuti kumbukumbu ya anwani zote kila inapobadilisha. Bila hizo ingekuwa mbaya zaidi. Kinga ya MDS, iliyokuja Mei 2019, inaongeza kusafisha bafa kila kerneli inaporudisha usukani kwa programu. Retpoline nayo inaweka kizuizi kwenye miruko ambayo prosesa ingependa kuibashiri.

Zote zinatozwa mpakani, mahali programu inapoingia kerneli na kutoka. Mimi navuka mpaka huo mara milioni 560.

Alhamisi, 6 Februari

Nimezima.

Tangu mwaka 2019 Linux ina neno moja la kuzima kinga hizi zote. Unafungua /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT unaongeza mitigations=off, unaendesha update-grub, unawasha upya. Ukisoma /proc/cmdline unaliona neno lako pale, na ile folda ya udhaifu sasa imejaa "Vulnerable", yaani iko hatarini, mstari kwa mstari. Kuiona orodha hiyo kwenye mashine yenye nakala ya daftari la shangazi kumenipa ubaridi tumboni. Nakala iko humo tangu Jumapili, ina majina, namba za simu na madeni.

Majaribio, saa tatu usiku: dakika 23 na sekunde 40.

Kutoka dakika 31 na sekunde 10. Hiyo ni asilimia 24, bila kununua chochote. Nimekaa nikitazama namba hiyo muda mrefu.

Nimejaribu pia kazi ya aina nyingine, video ya mafunzo ya makatibu wa kikoba niliyoikandamiza kwa programu ya ffmpeg. Kinga zikiwa juu dakika 11 na sekunde 52. Zikiwa zimezimwa dakika 11 na sekunde 47. Sekunde tano, yaani hakuna. Nilitegemea hivyo, kwa sababu kukandamiza video ni hesabu tupu ndani ya programu, na kerneli haibughudhiwi ila kwa nadra. Nimemwandikia binamu asihangaike na mashine yake.

Jumamosi, 8 Februari

Ile asilimia 24 si ya kweli. Nimegundua asubuhi nikinywa chai, nikakasirika kabisa.

Namba ya kwanza, ile ya dakika 31, niliipima mchana wa saa nane. Namba ya pili niliipima usiku. Chumba hiki kiko chini ya bati bila dari, na huu ni Februari, Dar es Salaam. Saa nane mchana huwezi kukaa humu bila shati kulowa. Nimerudia mchana huu huku nikitazama sensors, programu ya kusoma joto, kwenye dirisha la pili: nyuzijoto 97, 98, 100. Kwenye 100 prosesa hii hujikata kasi ili isiungue, na ndivyo ilivyokuwa inafanya. Ilishuka hadi gigahezi 2.7, ikapanda, ikashuka tena.

Kwa hiyo nimesubiri usiku na kupima zote mbili kwenye ubaridi mmoja, feni moja, dirisha wazi, hakuna programu nyingine inayoendeshwa. Kinga juu: dakika 27 na sekunde 20. Kinga chini: dakika 23 na sekunde 40, kama Alhamisi. Tofauti ni sekunde 220, asilimia 13.

Ile tofauti ya kwanza ilikuwa sekunde 450. Sekunde 230 zilikuwa za joto. Zaidi ya nusu ya kile nilichokuwa naita gharama ya kinga kilikuwa vumbi na bati.

Nimeifungua mashine. Kati ya feni na zile bapa za kupoozea kulikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, limeshikana kama pamba ya godoro, unaweza kulibandua kwa vidole likiwa zima. Chini yake dawa ya kupitisha joto imekauka na kupasukapasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Nimepuliza, nimefuta kwa spiriti, nimepaka dawa mpya, punje moja ya ukubwa wa dengu katikati. Kesho nitapima mchana.

Nikiwa na usiku uliobaki nimezijaribu kinga moja moja, maana si lazima uzime zote. Nikizima PTI peke yake kwa pti=off: dakika 25 na sekunde 40. Nikizima ya MDS peke yake kwa mds=off: 25 na sekunde 35. Hizo mbili zinabeba karibu ushuru wote, na karibu sawa kwa sawa. Iliyobaki ni ndogo.

Jumapili, 9 Februari

Mchana, kinga juu, baada ya usafi: dakika 27 na sekunde 35. Joto limekwisha.

Baadaye nimekwenda Mbagala kwenye kikao. Nilitaka kuona kwa macho jinsi wanavyoandika, nisitegemee maelezo ya simu tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kaa hapo kwenye mkeka, usikae karibu na sanduku."

Sanduku ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, ukubwa wa begi la shule. Lina kufuli tatu mbele, kila moja na ufunguo wake, na kila ufunguo unakaa kwa mwanachama tofauti. Shangazi anakaa na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Mmoja alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Wa pili ulining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Wa tatu haukuwepo, kwa sababu mwenyewe alitoka msibani Chanika na gari halijamfikisha. Tumekaa dakika 40.

Mama mmoja aliyeacha biashara yake akasema wazi: "Jamani, kufuli mbili zinatosha. Tunajuana humu." Wengine wakaguna kukubali. Shangazi hakupandisha sauti. Akasema, "Tunajuana. Lakini sanduku likilala kwangu na mwizi akaja, anajuana na nani?"

Ufunguo wa tatu ulipofika, nilitazama kwa makini walivyofanya. Kufuli zikafunguliwa, moja, mbili, tatu. Fedha za wiki iliyopita zikahesabiwa na wahesabu wawili mbele ya wote. Kisha kila mwanachama akaitwa kwa namba yake, akaweka fedha kwenye beseni, katibu akagonga mihuri ya hisa kwenye kitabu chake. Wote 30. Baada ya hapo beseni likahesabiwa, likaingia sandukuni, kufuli zikafungwa, moja, mbili, tatu.

Sanduku lilifunguliwa mara moja tu. Majaribio yangu yanalifungua na kulifunga kwa kila hisa ya kila mtu wa kila wiki.

Nimerudi na daladala nimesimama mlangoni, nikiandika kwenye simu kwa mkono mmoja ili nisisahau.

Jumanne, 11 Februari

Kabla ya kuandika upya nilitaka kujibu swali lenyewe la kuzima, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulizoea.

Kinga hizi zinalinda mipaka: kati ya programu na kerneli, kati ya mtumiaji mmoja wa mashine na mwingine, kati ya ukurasa wa wavuti na kompyuta iliyoufungua. Kama mashine yako haina mpaka wowote unaoujali, kwa mfano iko peke yake, inaendesha msimbo wako mwenyewe, haina brauza wala siri ya mtu, basi kuzima ni uamuzi wa kawaida na simlaumu mtu. Programu mbaya inayoendeshwa kwa jina lako tayari inasoma faili zako bila kuhitaji Spectre.

Yangu si hiyo. Nimeigawa kwa watumiaji wawili: mmoja wa kujenga na kujaribu, anayevuta maktaba za Python, lugha ya programu, kutoka kwa watu nisiowajua, na mwingine anayeshika nakala ya kikoba. Mgawanyo huo ndio ulinzi wangu. PTI ikizimwa kwenye Haswell, kizazi cha prosesa yangu, Meltdown inarudi, na Meltdown haiulizi mtumiaji. Programu ya mtumiaji wa kwanza inaweza kusoma kumbukumbu ya kerneli, na ndani ya ramani ya kerneli imo RAM yote. Ukuta niliojenga unakuwa wa karatasi.

Nafungua pia brauza humo humo. Ni kweli brauza zina ulinzi wao. Siku moja baada ya tangazo la 2018 Firefox ilipunguza ukali wa saa inayopewa kurasa, na baadaye mwaka huo Chrome ikaanza kutenga kila tovuti kwenye prosesi yake, yaani programu inayojitegemea. Lakini Machi 2021 Google wenyewe walionyesha ukurasa wa JavaScript unaovuja data kwa Spectre, kilobaiti moja kwa sekunde. Kilobaiti moja. Daftari zima la wanachama 30, majina, simu na madeni, ni kilobaiti chache.

Nimeliondoa mitigations=off. Nimewasha upya, nimeipitia ile folda mstari kwa mstari, zote zimerudi. Dakika tatu na sekunde 40 nitazitafuta kwingine.

Ijumaa, 14 Februari

Siku tatu za kazi, nyingi usiku, moja ikakatizwa na umeme.

Nimefanya mambo mawili. Kwanza, Python haiwashwi upya kwa kila jaribio. Prosesi nne zinawaka mara moja na kila moja inameza majaribio 1,000. Pili, hifadhidata ya jaribio inakaa ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, na kikao kizima cha wiki ni muamala mmoja: fungua, pokea watu 30, hesabu, funga. Nimeuita kwenye msimbo kwa jina la beseni.

Miito kwa kerneli, jaribio moja: kutoka zaidi ya 140,000 hadi mia chache.

Muda wa majaribio yote, kinga zote zikiwa juu: dakika 6 na sekunde 50.

Nikazima kinga mara moja ya mwisho kwa ajili ya kipimo tu, mtandao nimeuchomoa na nakala ya kikoba imeondolewa: dakika 6 na sekunde 35. Sekunde 15. Nikazirudisha.

Kuna kitu nimekiacha kama kilivyokuwa, na kwa makusudi. Majaribio mengine 200 bado yanaandika kwenye faili halisi, muamala kwa muamala, kwa njia ya zamani. Hayo yanapima kitu kingine: simu ya katibu ikizima katikati ya kikao, je, ikiwaka itakuta hesabu nzima? Huwezi kulipima hilo kwa hifadhidata inayoishi kwenye kumbukumbu. Nayaendesha mara moja kabla ya kulala.

Jumapili, 16 Februari

Kwa kuwa sasa nayaendesha kila ninapotaka, nimeongeza mbegu tofauti za nasibu kila mara, ili matukio yachaguliwe kwa bahati, na jana usiku jaribio la mtu aliyehama likaanguka. Mwanachama akitoka katikati ya mzunguko huku ana faini ambayo haijalipwa, programu ilikuwa inamkata faini kwenye hisa zake, halafu inaikata tena kwenye mfuko wa jamii. Tofauti ilikuwa shilingi 500. Kwa kasi ya zamani nisingeiona kabla ya tarehe 23, maana inajitokeza mara moja katika majaribio elfu kadhaa.

Nimemwuliza shangazi kwa simu kama hali hiyo imewahi kutokea mzunguko huu. Akacheka kidogo, akataja mtu. Aliyehamia Morogoro.

Jumatano, 19 Februari

Fupi. Rafiki wa binamu ana Ryzen 7000 mpya, prosesa ya AMD, na ameuliza kama azime naye. Nimemwambia AMD haikuguswa na Meltdown tangu mwanzo, na kwenye prosesa hizo za Zen 4 tovuti ya Phoronix, inayopima kasi ya mashine za Linux, ilipopima mwaka 2022 kuzima hakukuleta faida ya maana, na baadhi ya kazi zilipungua kasi. Mwenye prosesa mpya asiguse. Swali hili ni la sisi wenye mitumba ya 2013, na hata kwetu jibu linategemea mashine inashika nini.

Jumapili, 23 Februari

Kikao kilipangwa saa tisa. Nilifika saa nane na nusu na laptopu ya kuazima, simu ya katibu ikiwa na programu, na kurasa za gawio nilizochapisha mjini.

Funguo zote tatu zilikuwepo kwa wakati. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa mara mbili, kwa mafungu ya noti za elfu kumi yaliyofungwa kwa mpira. Katibu akasoma gawio la kila mtu kutoka kwenye daftari, mimi nikasoma kutoka kwenye programu.

Ishirini na tisa zililingana. Namba 14 ilipishana kwa shilingi 2,000, programu ikiwa juu. Kukawa kimya. Shangazi akaomba kitabu chake, akaanza kuhesabu mihuri kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, midomo ikisogea. Wiki ya 37 kulikuwa na mihuri miwili. Kwenye programu hisa nne. Katibu akakumbuka: siku ile simu ilizima katikati na akaingiza upya. Zile hisa mbili za mwanzo hazikuwa zimepotea.

Tumesahihisha palepale na namba 14 akasaini. Ina maana programu lazima imwonyeshe katibu kilichokwishaingia kabla ya kumruhusu kuingiza tena. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo, na itakuwa na majaribio yake.

Mashine iko Tabata, kinga zote juu, mikrokodi mpya, feni safi. Nimeandika kwenye kalenda kuifungua tena Mei na kupuliza. Mzunguko mpya unaanza baada ya Idd. Kabla ya kuondoka wameufunga mkutano kwa kuchagua upya washika funguo. Kufuli zimebaki tatu. Ufunguo wa tatu amepewa mama anayeuza maandazi nyumba ya pili kutoka mahali pa kikao.